Dakika Moja Nzima

Kwa miaka mitatu niliandika 20. Wagonjwa wangu wote walipumua mara 20 kwa dakika: mzee wa kikohozi, kijana aliyevunjika mguu, mama aliyejifungua jana. Ukifunua chati za usiku katika wodi nyingi, utaikuta namba hiyo imeshuka ukurasa mzima kama shanga za rangi moja. Joto lina kipimajoto. Presha ina mashine, na mashine hiyo hiyo inakutolea mapigo ya moyo. Kuhesabu pumzi kunamtaka mtu asimame, atazame kifua kinavyopanda na kushuka, asubiri mpaka mshale wa sekunde umalize mzunguko wake. Sisi tulikuwa wawili usiku, wagonjwa zaidi ya 30. Basi niliandika 20.

Nimeamua kuanzia hapo kwa sababu ndipo kosa lilipo, na kosa ni langu.

Ilikuwa hospitali ndogo huku kaskazini, sitaitaja. Mama mmoja aliletwa jioni, siku ya tatu tangu ajifungue mtoto wake wa nne nyumbani. Homa 38.4. Presha 100 kwa 60. Mapigo 118. Pumzi, niliandika. Nikamwekea dripu, nikampa dawa zilizoagizwa, nikampa na maji ya kunywa. Aliniambia amechoka tu. Nilipita kwake mara mbili usiku ule, na mara zote mbili alikuwa kimya, macho wazi. Ukimya wake niliuchukua kuwa nafuu.

Alfajiri alikuja sista mzee kupokea zamu. Hakuichukua chati mkononi mwangu. Alisimama miguuni pa kitanda, akaigeuza ile saa aliyoibana kifuani, akatulia. Nilimwona midomo ikihesabu. Kisha akasema, polepole, bila kunikemea: "Thelathini na sita. Dada, huyu amekimbia usiku kucha, nawe umeandika kwamba amelala."

Tukampandisha gari. Nilikaa nyuma pamoja naye na mamake, aliyekuwa amempakata kichanga. Barabara ilikuwa ya changarawe na mito mikavu, na dereva alijitahidi kuliko nilivyowahi kumwona. Mgonjwa wangu alifariki kabla hatujashika lami. Nilipiga magoti sakafuni mwa gari nikamkandamiza kifua, na mikono yangu ikijua kwamba saa ya kumwokoa ilikuwa saa nne usiku, nilipokuwa nimesimama karibu naye na kalamu mkononi.

Sasa naelewa kilichokuwa kikiendelea mwilini mwake. Vijidudu vilikuwa vimeingia kwenye damu kutoka kwenye kizazi. Damu inapokosa kufika vizuri kwenye viungo, mwili huzalisha tindikali, nayo mapafu hujaribu kuitoa kwa kupumua haraka. Ndiyo maana pumzi hupanda mapema, mara nyingi saa kadhaa kabla presha haijaanguka. Na mwanamke kijana presha yake hudanganya: mishipa yake ina nguvu, hujibana na kushikilia, inashikilia, halafu inaachia mara moja. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20. Aliyefika 36 anaomba msaada kwa lugha pekee aliyobakiwa nayo.

Sista mzee aliniita baada ya wiki moja. Nilitarajia barua ya kujieleza. Aliniuliza tu kama nilijua kuna mafunzo ya uuguzi wa wagonjwa mahututi. Nikamwambia hayo ni ya wanaofanya kazi ICU, Nairobi. Akanitazama kwa muda. "Nenda ukasome," akasema. "Halafu urudi."

Wakati huo nilikuwa na stashahada ya miaka mitatu, leseni ya Baraza la Wauguzi la Kenya, na imani niliyolelewa nayo kuhusu masomo ya juu: kwamba muuguzi husoma ili aondoke kitandani kwa mgonjwa. Unapanda, unapewa ofisi, unapata shirika lenye magari meupe, au unafundisha. Hakuna aliyenifundisha hivyo kwa maneno. Niliyaona tu. Kila aliyepata karatasi kubwa hatukumwona tena kwenye zamu ya usiku.

Ruhusa ya masomo niliyoomba mara ya kwanza ilikataliwa, na ya pili haikujibiwa. Ya tatu ilikubaliwa kwa mkataba wa kurudi kuhudumu, bila ahadi yoyote ya karo. Karo ilitoka kwenye maziwa. Mama yangu ni mmoja wa akina mama wa Isiolo wanaokusanya maziwa ya ngamia kutoka vijijini, wakayapakia kwenye mabasi ya asubuhi kwenda Eastleigh. Wengi mnaoyanywa Nairobi hamjui yametoka kwa nani. Mimi najua mtungi mmoja mmoja uliolipa kitabu changu.

Chuo cha mafunzo ya tiba, KMTC, pale Nairobi kilinipa mwaka mmoja wa stashahada ya juu ya uuguzi wa mahututi. Kama kuna muuguzi wa kaunti ya mbali anayesoma haya akiwaza aanzie wapi, namwambia aanzie hapo. Wanakutaka uwe umefanya kazi kwanza, na wana haki, kwa sababu bila kuwa umemwona mgonjwa akiporomoka huwezi kuelewa wanakufundisha nini. Tulijifunza mashine ya kupumulia, kusoma moyo kwenye karatasi, kupima gesi za damu kutoka mshipa wa ateri na kuzifasiri, dawa za kupandisha presha zinazopimwa kwa mikrogramu. Lakini kilichonibadilisha ni utaratibu ambao hauna gharama: ukimfikia mgonjwa, njia ya hewa kwanza, kisha pumzi, kisha mzunguko wa damu, kisha akili yake iko wapi, kisha mfunue umtazame mwili mzima. Kwa mpangilio huo, kila siku, hata kama umemzoea. Siku ya kwanza nilipofika kwenye "pumzi" mbele ya mwalimu, nilitoa saa nikahesabu sekunde 15 nizidishe kwa nne. Akanishika mkono. "Dakika nzima," akasema. Nikaingia msalani nikalia, na hakujua sababu.

Baada ya hapo ikaja shahada ya kwanza, maana stashahada ya juu peke yake haikufungulii mlango wa uzamili. Nilisoma Chuo Kikuu cha Methodist, Meru, kilomita kama 50 kutoka nyumbani, nikitoka kwenye joto letu na kupanda mpaka kwenye baridi ya migomba na kurudi. Sina mengi ya kueleza kuhusu miaka hiyo. Nilisinzia sana kwenye matatu.

Kisha Chuo Kikuu cha Nairobi, shahada ya uzamili katika uuguzi wa wagonjwa mahututi. Nilianza Septemba 2019. Machi 13, 2020 Kenya ikatangaza mgonjwa wake wa kwanza wa korona, na yale tuliyokuwa tukiyasoma yakawa habari ya taifa zima. Watu ambao hawakuwahi kulisikia neno ventileta walilitamka kwenye redio. Watafiti walihesabu vitanda vya ICU nchini mwaka huo wakapata 537, na mashine za kupumulia 256, na kaunti zenye walau ICU moja zilikuwa 22 kati ya 47. Niliitazama ramani ile usiku, kaskazini yote imepauka, na kwa mara ya kwanza nikaanza kujiuliza swali ambalo limeniongoza tangu hapo: je, katika kaunti zile nyingine 25 hakuna mahututi?

Niseme pia habari ya Marekani, kwa sababu vijana wananiuliza kila wiki. Mwenzangu wa darasa yuko huko, na njia aliyoifuata ni ya kweli na ya heshima. Huko kuna muuguzi mwenye mamlaka ya kuchunguza, kutambua ugonjwa na kuandika dawa. Jambo hilo lilianza 1965 katika Chuo Kikuu cha Colorado, muuguzi Loretta Ford na daktari Henry Silver walipoanzisha mafunzo ya kuhudumia watoto waliokuwa mbali na madaktari. Wauguzi wa namna hiyo wa magonjwa makali walikuja baadaye, miaka ya tisini. Unafika na shahada, unafanya mtihani wa leseni, unakaa ICU miaka kadhaa, unaingia uzamili au uzamivu, unachagua watu wazima au watoto, unamaliza mamia ya saa kando ya vitanda chini ya msimamizi, unafanya mtihani wa bodi, na jimbo linakupa ruhusa yake. Mwenzangu alinitumia vitabu vyake. Kuna jambo moja nililoling'ang'ania humo. Tangu makubaliano yao ya 2008, wanasema muuguzi wa magonjwa makali hatambulishwi na jengo anamofanyia kazi. Anatambulishwa na hali ya mgonjwa anayemhudumia. Ugonjwa wake ukiwa mkali na unabadilika saa kwa saa, huyo ni wako, awe ICU, awe wodini, awe kwenye gari.

Nilisoma maneno hayo nikamkumbuka mama yule sakafuni mwa ambulensi.

Hapo ndipo imani yangu ya zamani ilipovunjika kabisa. Nilikuwa nimesoma miaka yote nikijiandaa kwa chumba: chumba chenye mashine, ambacho nyumbani hakipo kwa wingi wala hakitakuwepo karibuni. Kumbe mahututi ni hali ya mtu. Mwaka 2025 ulitoka utafiti mkubwa katika jarida la Lancet, wa hospitali 180 katika nchi 22 za Afrika, wagonjwa karibu 20,000. Mmoja kati ya kila wanane alikuwa mahututi. Na katika hao mahututi, karibu saba kati ya kumi walikuwa wamelazwa kwenye wodi za kawaida. Zaidi ya nusu yao hawakuwa wamepata hata huduma za msingi, na hizo ni oksijeni, maji ya mshipani, kumlaza mgonjwa ili njia ya hewa iwe wazi. Mmoja kati ya watano alikufa ndani ya siku saba. Nilipousoma sikushangaa. Nilihisi kama mtu amepita usiku katika wodi zote nilizofanyia kazi, akahesabu.

Baada ya uzamili nilirudi Isiolo. Mama aliniuliza, kwa upole na kwa mshangao: "Miaka yote hiyo, mwanangu, na bado wanakuita sista?" Nikamwambia ndiyo, Mama, na bado nafanya usiku. Alinyamaza kidogo, kisha akasema wale ngamia wenyewe hawahudumiwi na mtu anayekaa mjini. Tangu siku hiyo ananibebea uji wa asubuhi mpaka langoni.

Wodi yetu ina Waborana, Wasomali, Waturkana, Wasamburu na Wameru, na Kiswahili ndicho kamba inayotufunga sote. Nimejifunza kuuliza "unapata hewa?" kwa lugha tano. Wapo waliofika na jeraha la risasi kwa sababu ya mifugo, wapo walioletwa kutoka ajali za barabara ya Moyale, wapo akina mama wa siku ya tatu. Katiba yetu ya 2010, ibara ya 43, inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Naipenda sana ibara hiyo. Naona mtu hanyimwi matibabu langoni tu, kwa mlinzi au kwa karani wa malipo. Mtu anaweza kunyimwa akiwa kitandani, amefunikwa shuka safi, na muuguzi mwema akimwandikia 20.

Ninachotaka kwa moyo wangu wote ni kwamba kaunti zetu zisimsomeshe muuguzi wa mahututi zikampeleka kwenye dawati. Mpeni zamu. Mpeni wanafunzi. Mpeni mamlaka ya kuanzisha oksijeni na kumwita daktari kwa namba alizozipima bila kuogopa kuonekana anajifanya daktari. Vyuo vyetu vinafundisha vizuri. Nimepita humo, nashuhudia. Kinachopotea kinapotea baada ya mahafali.

Wanafunzi wa uuguzi wanaponijia kwa mafunzo ya wodini, siku ya kwanza sifungui kitabu. Nawapa viti vya mbao, mmoja mmoja kando ya kitanda, wakae wahesabu. Huwa wanaona aibu, wagonjwa nao wanatabasamu. Wengine wanarudi na jibu kabla ya wakati, nawarudisha.

Jana usiku alikuwa zamuni msichana wa mwaka wa pili, mpole, mwandiko wake mdogo sana. Asubuhi hii nimefungua chati yake. Kitanda cha kwanza, 16. Cha pili, 18. Cha tatu, 22. Cha nne, 31, na pembeni ameandika saa: nane na dakika kumi, oksijeni imeanzishwa, daktari ameitwa. Cha tano, 17.

Naenda kitanda cha nne.