Kimburu wa Maabara Yetu

Wengi wenu mmekwisha kumwona yule kimburu aliye katika sanduku la kioo mlangoni pa maabara, na baadhi ya wanafunzi wa zamani wameniuliza alinunuliwa wapi. Hakununuliwa. Ni kazi ya mvulana wa kidato cha pili, nami nikiwa fundi wa maabara nilimsaidia kumtengeneza mara ya pili. Hiyo mara ya pili ndiyo nitakayoieleza, kwa maana ile ya kwanza ilikuwa karibu imvunje moyo.

Mnyama aligongwa na motokaa usiku kwenye barabara ya Kabale. Kibali kilipopatikana, kijana alimchuna vizuri mno, ngozi haina tundu hata moja, akaitia chumvi na shabu. Lakini alipofika kwenye kuijaza alifanya kama afanyavyo kila anayeanza: akasukumia pamba na maranda mpaka ngozi ikakaza. Mnyama akatoka na tumbo la mbuzi, shingo hana, miguu kama ya meza, na macho ya gololi yanayokodoa kama samaki wa sokoni. Wenzake wakampa jina la Mto. Siku ya wazazi ilikuwa imekaribia, na jioni moja kijana akaja kuniomba kiberiti.

Nikamwuliza, ‘‘Mifupa uliitupa?’’ Akajibu, ‘‘La, mwalimu, fuvu na mifupa ya miguu nimeiweka sandukuni.’’ Basi kiberiti sikumpa.

Zamani ngozi zilijazwa majani makavu kama godoro. Mmoja wa waliogeuza kazi hii ni Mmarekani Carl Akeley, ambaye alifariki mwaka 1926 akazikwa si mbali na Mlima Mikeno, upande wa Kongo. Yeye alifinyanga kwanza mwili wa mnyama kwa udongo, misuli na mishipa yote, akatoa kalibu ya plasta, na kutokana nayo akapata umbo jepesi la kuvikwa ngozi. Ngozi hufuata mwili, haiwezi kuuumba.

Ili kuanza upya ilibidi tufumue mishono na kuilowesha ngozi. Hapo palikuwa na hatari ya kweli. Ngozi kavu hulainika majini, lakini ikiwa uozo ulikwisha kuanza kabla ya chumvi kuingia, manyoya hunyonyoka kwa mafungu, wala hakuna dawa. Ngozi nyingine hatukuwa nayo. Nilimwambia aamue mwenyewe. Alinyamaza kitambo, akasema, ‘‘Tuitie.’’ Sidhani kama alilala usiku ule, maana nilipofungua mlango alfajiri nilimkuta amekwisha fika. Tukavuta manyoya taratibu, mgongoni, mkiani, masikioni. Yakashika. Chini ya tumbo tu pakatoka kipara kidogo.

Kwa vipimo vya mwili tulitumia ile mifupa, tena tulimwazima paka wa jikoni. Haikuwa mzaha: mwaka 2007 wataalamu walilinganisha vinasaba wakaonyesha kwamba paka wa nyumbani ametokana na kimburu wa Mashariki ya Karibu, naye ni jamii moja na huyu wetu. Kijana alimpapasa paka yule kila siku, akajifunza kwamba mfupa wa bega huteleza chini ya ngozi, na kwamba kisigino cha paka hakigusi ardhi atembeapo, kiko juu, pale wengi wanapodhani ni goti lililopinda kinyume. Miguu ya meza ikaisha siku hiyo. Ila kimburu ana miguu mirefu zaidi, na akikaa kifua chake husimama wima kuliko cha paka wa nyumbani. Hapo tuliiamini mifupa, si paka.

Tulikata ubao kwa kufuata mchoro wa ubavu, tukafunga waya pamoja na mifupa ya miguu, tukazungushia maranda na kuyakaza kwa uzi, kisha juu yake karatasi zilizolowekwa gundi. Tukaacha pakauke kabisa kabla ya kuvika ngozi.

Uso ulituchukua siku nyingi kuliko mwili wote. Masikio yalikuwa yamejikunja kama majani ya tumbaku. Tukatenga ngozi ya mbele na ya nyuma, tukatia kadibodi nyembamba kati yake. Nyuma ya masikio kimburu ana rangi ya kahawia nyekundu, nayo ni alama nzuri ya kumtambua, kwa hiyo isifichwe. Macho kijana aliyapaka rangi mwenyewe nyuma ya vioo, mboni nyembamba iliyosimama, na pembe ya jicho iliyo karibu na pua tukaiweka chini kuliko ile ya nje. Kwa badiliko hilo dogo tu, Mto akawa mnyama anayesikiliza kitu.

Siku ya wazazi mama mmoja alimvuta mwanawe nyuma alipofika mlangoni. Kijana alikuwa amesimama kando, akaangalia viatu vyake ili asicheke.

Tafadhali msimsogeze dirishani, kwani jua hupausha manyoya, na kila mwezi mtazame kama wadudu wameingia. Na mkigusa mnyama wa zamani wa makumbusho, naweni mikono, maana wazee wa kazi hii walipaka ngozi sumu ya aseniki. Wa kwetu hana sumu, ila kona ya kulia ya mdomo wake bado haijaniridhisha. Kijana anasema ataifungua tena likizo ijayo.