Kericho na Bomet: Kuna mengi nyuma ya majani chai

MSOMAJI mpenzi, ukimwuliza mtoto wa Nairobi anajua nini kuhusu Kericho, atakujibu kwa neno moja tu: chai. Hajakosea. Lakini mgeni anayeitazama nchi ya chai kupitia dirisha la gari huona majani, akakosa kuona watu. Leo tutasafiri pamoja kutoka Kericho hadi Bomet, na njia nzima tutakuwa tukiuliza swali moja: je, nchi hii nzuri imemwekea nafasi mtu asiyetembea, asiyeona au asiyesikia? Na wale wanaotoka ng'ambo kuja kusaidia, wamesaidia kwa namna gani?

Toka Nairobi mapema, upite Nakuru, upande hadi Mau Summit. Hapo barabara ya Eldoret inakwenda zake nawe unakunja kushoto. Ukishapita njia panda ya Londiani na Kedowa, utaanza kutafuta sweta. Kericho iko juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na mvua yake ina mazoea: asubuhi jua, alasiri mawingu, kisha mvua ya kishindo. Ndiyo maana chai inapapenda. Mashamba yamelala juu ya vilima, miti yake imekatwa sawasawa kama nywele za mwanafunzi siku ya kufungua shule.

Tazama wachumaji. Kikapu mgongoni, aproni ya plastiki kiunoni, mikono miwili ikienda mbio kuchuma majani mawili na chipukizi. Ni kazi ya miguu kama ilivyo ya mikono, kwa maana mchumaji hushinda akipanda na kushuka kati ya mistari, juu ya udongo mwekundu unaoteleza. Mtu wa magongo hana nafasi hapo. Kwa mkulima mdogo mambo ni tofauti kidogo. Yeye ana nambari yake ya chai, na malipo huingia kwa nambari hiyo. Kiwanda hupima kilo na ubora wa majani, hakimpimi mwenye shamba miguu. Hata hivyo, majani ni lazima yafike kituo cha kununulia, na njia ya kwenda huko ni ile ile ya matope.

Koloni la maafisa waliojeruhiwa

Sasa nikupe kisa ambacho waelekezaji wa watalii hawakisimulii sana. Kabla ya chai kutawala hapa Kericho, sehemu kubwa ya ardhi hii ilitengwa kwa ajili ya walemavu. Naam, walemavu!

Vita Kuu ya Kwanza ilipomalizika mwaka 1918, Uingereza ilijikuta na maafisa wengi wa jeshi waliorudi bila mguu, bila mkono au bila macho. Mwaka 1919 ukabuniwa mpango wa kuwaleta baadhi yao huku wawe walowezi. Walitengewa ekari zipatazo 25,000 Kericho, na mpango ukaitwa Koloni la Maafisa Walemavu la Afrika Mashariki ya Uingereza. Walikusudiwa kulima kitani, mmea ambao nyuzi zake hufumwa nguo. Wakati wa vita kitani kilikuwa mali, kwani nguo yake ilitumika hata kufunika mabawa ya ndege.

Je, wenye nchi waliulizwa? La hasha! Ardhi hiyo ilikuwa ya Wakipsigis. Na Waafrika walioumia katika vita hiyo hiyo je? Wapagazi wa jeshi walichukuliwa kwa mamia ya maelfu kubeba mizigo katika mapigano dhidi ya Wajerumani. Maelfu kwa maelfu walikufa, wengi kwa maradhi. Jina lao limebaki Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Mpagazi aliyerudi kijijini akichechemea hakutengewa hata ekari moja ya mpango huo.

Mpango wenyewe haukudumu. Bei ya kitani iliporomoka baada ya vita, na miaka michache tu baadaye koloni likavunjika. Katikati ya miaka ya 1920 makampuni ya chai, James Finlay miongoni mwao, yakanunua ardhi hiyo. Wakipsigis hawakurudishiwa. Kilio chao na cha ukoo wa Talai kingali hai: mwaka 2022 kilifikishwa mbele ya Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya.

Kwa nini nakusumbua na historia? Kwa sababu maafisa wale walikuwa na shida ya kweli, na kumhurumia mtu aliyepoteza mguu si kosa. Lakini huruma hiyo iliamuliwa mbali, ikatekelezwa juu ya ardhi ya watu wasioulizwa, ikategemea mmea ambao soko lake lilikuwa la vita. Kila ukisikia leo habari za wafadhili na miradi ya walemavu, likumbuke koloni la kitani, kisha uulize: nani aliulizwa kwanza?

Litein: lugha ya mikono

Tuendelee. Kutoka Kericho mjini twashuka kusini tukipita Chemosit hadi Litein, katikati ya mashamba ya wakulima wadogo. Hapa kuna shule ya watoto viziwi, na ukibahatika kupita wanafunzi wakienda nyumbani likizo, utaona mazungumzo yanayoendelea ng'ambo hii na ng'ambo ile ya barabara bila mtu kupaza sauti. Makelele ya utingo wa matatu hayawasumbui hata kidogo.

Kwa miaka mingi shule za viziwi nchini zilisisitiza kusoma midomo na kujifunza kutamka. Ishara zilionekana kama uvivu. Lakini watoto hawakuacha kuzungumza kwa mikono wakiwa bwenini na uwanjani, na viziwi wazima nao walikuwa na lugha yao tayari. Mwaka 1991 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha mradi wa utafiti wa Lugha ya Ishara ya Kenya, kwa msaada wa Sweden. Ona tofauti na hadithi ya kitani. Wageni hawakuja na ishara za Kiswidi wakasema, "Haya, jifunzeni." Walisaidia kuchunguza lugha iliyokuwa mikononi mwa wenyewe.

Matunda yake yanaonekana. Katiba ya mwaka 2010 inaitaka Serikali kuikuza Lugha ya Ishara ya Kenya, na imeifanya mojawapo ya lugha rasmi za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Kiziwi wa Litein ana lugha inayotambuliwa na Katiba ya nchi yake.

Lakini mfikirie mama kiziwi anayekwenda zahanati akiwa mja mzito. Muuguzi hajui ishara hata moja. Basi mama huyo hulazimika kumleta mwanawe wa miaka kumi awe mkalimani, na mambo ambayo mtu hamwambii hata dadake yanapita kinywani mwa mtoto. Hapo Sweden haiwezi kitu. Kumfundisha muuguzi wa zahanati ishara chache ni kazi yetu.

Tenwek: chuma ndani ya mfupa

Kutoka Litein twapita Kapkatet hadi njia panda ya Kaplong, tukunje kushoto kuelekea Bomet. Karibu na mji huo, kando ya mto Nyangores, ndipo ilipo Hospitali ya Tenwek. Ilianzishwa na wamisionari Wamarekani mwaka 1937. Daktari wake wa kwanza wa kudumu, Ernest Steury, alifika mwaka 1959. Baadaye maporomoko ya mto yakatumiwa kuipa hospitali umeme wake yenyewe. Leo hospitali hiyo inawafunza madaktari Waafrika upasuaji.

Wodi za mifupa ni darasa la maisha ya siku hizi. Bodaboda imeleta riziki, na imeleta mapaja yaliyovunjika. Zamani aliyevunjika paja alilazwa kitandani wiki nyingi, mguu ukivutwa kwa uzito, na mara nyingi mfupa uliunga vibaya. Kijana aliingia na jeraha, akatoka na kilema cha maisha.

Njia bora ni kuingiza chuma kirefu ndani ya mfupa na kukifunga kwa skrubu. Lakini katika hospitali za nchi tajiri daktari huongozwa na mashine ya eksirei inayoonyesha picha papo hapo, na mashine hiyo ni ghali mno. Mwaka 1999 daktari Mmarekani, Lewis Zirkle, aliyewahi kuhudumu Vietnam, alianzisha shirika la SIGN katika mji wa Richland, jimbo la Washington. Shirika hilo lilitengeneza chuma pamoja na mkono wa kulengea, ili daktari aipate tundu ya skrubu bila mashine ile. Tenwek ni mojawapo ya hospitali zilizokitumia. Vyuma hutolewa bila malipo kwa hospitali zinazowatibu maskini, nao madaktari hutuma picha za eksirei na taarifa za wagonjwa wao, ili kazi ipimwe na chuma kiboreshwe.

Hapa tena, msomaji, waona jibu la swali letu. Hawakuuliza, "Tuwape nini kilichobaki kwetu?" Waliuliza, "Daktari wa Bomet ana nini mkononi, na hana nini?" Ukirudi Nairobi kwa njia ya Narok na Mai Mahiu, utapita chini ya Kijabe. Huko nako hospitali ya watoto ya shirika la CURE la Marekani ilifunguliwa mwaka 1998, ikiwa ya kwanza ya shirika hilo duniani. Mtoto aliyezaliwa na miguu iliyopinda akiwahi, miguu hunyooshwa kidogo kidogo kwa plasta inayobadilishwa kila wiki. Plasta yaweza kulipiwa na mfadhili, lakini nauli ya kila wiki ni ya mzazi, na hapo ndipo wengi hukatia tamaa.

Ngazi tatu

Sasa turudi kwa yule kijana wa bodaboda. Ametoka Tenwek kwa magongo, mfupa umeunga sawa. Anataka kwenda ofisi ya serikali kushughulikia karatasi zake. Matatu haina subira na mtu wa magongo. Akifika, mlango uko juu ya ngazi tatu, mvua imenyesha, saruji inateleza. Chuma kimetoka Marekani kikafika paja lake. Yeye kutoka barabarani hajafika kaunta.

Si kwamba hatuna sheria. Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2008. Mkataba huo una kifungu kizima, cha 32, kuhusu ushirikiano wa kimataifa, nacho kinataja mashirika ya walemavu wenyewe kuwa washirika. Kifungu cha 54 cha Katiba yetu kinampa mwenye ulemavu haki ya kufikia mahali, usafiri na habari. Tulikuwa na sheria ya watu wenye ulemavu ya mwaka 2003, na nyingine mpya imepitishwa mwaka 2025.

Tena Kenya imekuwa mwenyeji, si mgeni tu. Mkutano wa kwanza wa kimataifa wa viongozi kuhusu ulemavu, uliofanyika London Julai 2018, uliandaliwa na Uingereza na Kenya pamoja na muungano wa mashirika ya walemavu duniani. Aprili 2025 mkutano kama huo ulifanyika Berlin, wenyeji wakiwa Ujerumani na Yordani. Huko palitolewa azimio kwamba angalau asilimia 15 ya miradi ya maendeleo ya kimataifa katika kila nchi iwe na lengo la kuwahusisha watu wenye ulemavu. Ni maneno mazuri. Lakini hakuna mjumbe wa Berlin atakayekuja kumwaga zege kwenye mlango wa ofisi ya chifu.

Ukipanga safari

Ukitaka kwenda na jamaa mwenye ulemavu, usiogope, ila panga. Piga simu hotelini uulize chumba cha chini, na upana wa mlango wa choo. Usiridhike na jibu la "hakuna shida". Uliza kuna ngazi ngapi. Tembeleeni mashamba asubuhi kabla ya mvua, na mwombe mwenyeji awaonyeshe chai ile ya kando ya barabara ya gari. Mhudumu akikuuliza wewe, "Huyu atakula nini?", mwambie amwulize mwenyewe. Na kama jamaa yako haoni, mpe jani bichi alishike na alinuse, kisha mpitie karibu na kiwanda wakati majani yanakaushwa. Harufu ile hataisahau.

Nanyi wanafunzi, fanyeni hesabu moja Jumatatu. Hesabuni ngazi kutoka lango la shule yenu hadi darasani, hadi maktaba na hadi msalani. Andikeni idadi hiyo, mkamtafute mtu wa mtaani kwenu anayetumia magongo au kiti cha magurudumu, mumwulize ni ngazi ipi ingeanza kuondolewa. Mkishapata jibu lake, pelekeni barua kwa mwalimu mkuu.

Safari njema.