Rangi ya Pupa na Swali la Urithi

Katika mitihani ya elimu ya viumbe hurudi swali moja: je, sifa hii yatokana na urithi au na mazingira? Mwanachuo hutakiwa achague upande mmoja. Kwangu mimi, njia iliyo bora ya kumwonyesha kwamba swali lenyewe lina kasoro ni kumpeleka kwenye mchungwa, na safari hiyo haigharimu hata senti moja.

Juu ya majani ya mchungwa, mndimu na mlimau huishi viwavi wa kipepeo mkubwa ambaye wataalamu humwita Papilio demodocus. Wakiwa wachanga hufanana na kinyesi cha ndege. Wakikua huwa wa kijani, na wakiguswa hutokeza pembe mbili zenye harufu kali, jambo ambalo hakuna mwanafunzi alisahauye. Kiwavi aliyekwisha kushiba huacha kula, hujifunga kwa uzi kwenye kijiti, huvua ngozi, akawa pupa. (Wanachuo hucheka kusikia neno hili, kwani mtu mwenye pupa kwetu ni mwenye papara, na huyu ametulia kama jiwe.) Pupa wengine ni wa kijani, wengine wa kahawia.

Mary Barber, aliyeishi Afrika Kusini, alieleza mwaka 1874 jinsi pupa wa Papilio nireus walivyofanana na vitu walivyojishikiza. Wako waliodhani kwamba ngozi mbichi ya pupa hupokea rangi ya jirani yake kama karatasi ya picha. Edward Poulton wa Uingereza alionyesha mwaka 1887 kwamba sivyo: anayeathiriwa ni kiwavi, katika muda ule mfupi kabla hajajivua ngozi. Baadaye, uchunguzi uliofanywa Ujapani juu ya Papilio xuthus ulionyesha kwamba homoni itokayo katika ubongo na mafundo ya neva ndiyo iletayo rangi ya kahawia. Tena si rangi ya mahali peke yake inayohesabiwa. Ulaini au ukwaruzo wa kijiti nao una sehemu yake.

Hapo mwanachuo husema kwa furaha: basi, ni mazingira. Asubiri kidogo.

Darasani tuliweka viwavi katika mitungi, mingine ikiwa na matawi mabichi, mingine vijiti vikavu. Wengi walifuata matarajio, lakini pupa mmoja wa kahawia alining'inia juu ya tawi bichi. Mwanachuo aliyetayarisha somo hilo kwa ajili ya mazoezi ya kufundisha, huku alama zake zikitegemea siku hiyo, aliniomba ruhusa amwondoe ili watoto wasichanganyikiwe. Nilimkatalia. Nilimwambia amweke mbele kabisa, kwa sababu pupa huyo ndiye aliyekuwa na somo.

W. N. Hazel alichapisha mwaka 1977 uchunguzi juu ya Papilio polyxenes wa Marekani, akionyesha kwamba wepesi wa kugeuka kijani au kahawia nao hurithiwa. Kinachorithiwa, basi, si rangi yenyewe bali namna ya kuyajibu mazingira. Viwavi wawili waweza kukaa juu ya kijiti kimoja na kupewa habari ile ile, mmoja akatoa homoni na mwingine asitoe, kwa kuwa kila mmoja ana kizingiti chake. Ndege mwenye njaa humwona kwanza yule asiyefanana na mahali alipo. Aliyesalia ndiye azaaye, na watoto wake hupokea kizingiti kile. Hivyo ndivyo uteuzi wa asili unavyoweza kuunda uwezo wa kubadilika wenyewe.

Mwanachuo yule alifundisha akiwa na pupa wake wa kahawia mezani. Mtoto mmoja alimwuliza kama kipepeo atakayetoka humo atakuwa na mabawa ya rangi nyingine. Hakujibu, aliufunika mtungi kwa kitambaa chepesi, akawaambia wangoje.