Roho Inaniuma

Neno moja la Kiswahili lilitufanya tumcheleweshee mgonjwa dawa kwa majuma mawili, na hata leo twaona haya kulisimulia.

Tulikuwa tukifundisha kando ya njia itokayo msituni Bisie, katika nchi ya Walikale. Tangu mwaka 2002 hivi watu kwa maelfu waliingia msitu ule kuchimba mawe ya bati, yaitwayo kasiterite. Kabla ya kampuni kuleta mitambo, mawe hayo yalitoka migongoni mwa watu, mizigo ya kilo 50, mwendo wa siku nzima na zaidi katika matope. Mmoja wa wachukuzi hao wa zamani, ambaye hajatimiza miaka arobaini, alifika zahanatini akiegemea bega la mkewe. Mwuguzi alikuwa mgeni, hajui ila Kifaransa na Kilingala. Basi tukaitwa kufasiri.

"Mwalimu," alisema mgonjwa, "roho inaniuma. Usiku siwezi kulala chali, nakaa kitako mpaka asubuhi."

Nasi kwa elimu yetu ya seminari, ambamo roho ni ile isiyokufa, tukamwambia mwuguzi kwamba mtu huyu ana huzuni na hapati usingizi. Vita vilikuwa vimewafukuza wengi makwao, nani asingehuzunika? Akapewa vidonge vya maumivu, nasi tukamwongezea maneno ya faraja. Kumbe kila mtoto wa huku kwetu ajua kwamba roho ndiyo ile ipigayo kifuani! Sisi wenyewe tulilijua hilo kabla ya kwenda shule. Wala hatukuitazama miguu yake.

Baada ya majuma mawili aliletwa kwa machela. Miguu ilikuwa imevimba. Ukiibonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Daktari mmoja aliyekuwa akipita alimsikiliza kifua kwa muda mrefu, akatueleza kwamba vilango vya moyo vimeharibika, yaelekea tangu utotoni, kwa homa ile iwapatayo watoto ambao maumivu yao ya koo hayakutibiwa kwa penisilini. Moyo wa namna hiyo hausukumi damu sawasawa, na maji hujaa miguuni na mapafuni. Ndiyo sababu kulala chali kulimsonga pumzi. Kisha akaandika jina la ugonjwa kwa Kifaransa, nasi tukalifasiri neno kwa neno: "Moyo umeshindwa."

Mkewe akapiga yowe. Alidhani amekwisha kuwa mjane, na mumewe yu macho mbele yake! Ikatubidi kuanza upya. Moyo wapiga bado, Mama, lakini umechoka kusukuma damu. Apunguze chumvi, ameze kila siku dawa ya kutoa maji, asibebe mzigo tena. Hayo aliyafahamu mara moja. Akauliza dawa itakwisha lini. Tukamjibu kwamba haitakwisha.

Tungalipata funzo hapo, lakini mwaka uleule mtoto mmoja wa darasa letu alionekana na mabaka yaliyofifia mgongoni, yasiyosikia hata akiguswa kwa unyoya. Ulikuwa ukoma. Tuliwafundisha wenzake yote tuliyoyajua: kwamba Bwana Hansen wa Norwei alikiona kijidudu chake mwaka 1873, kwamba dawa zake hutolewa bure, na kwamba mgonjwa akianza kuzimeza, upesi haambukizi tena. Hata hivyo wakamwita "Mkoma", na benchi lake likabaki tupu pande zote mbili. Alikaa nyumbani miezi miwili kwa ajili ya jina lile.

Katika mwaka huohuo wa 1873 Padre Damiano wa Ubelgiji alifika kisiwani Molokai kuwahudumia wenye ukoma. Hata kabla ugonjwa haujampata naye, alikuwa akisema "sisi" katika mahubiri yake. Alifariki mwaka 1889, na Baba Mtakatifu Benedikto wa Kumi na Sita alimtangaza mtakatifu mwaka 2009. Habari hizo twazisimulia kila mwaka darasani, na watoto huzipenda.

Mtoto aliporudi, ngozi yake ilikuwa imezidi weusi, kwani dawa mojawapo hufanya hivyo. Tukafungua daftari la mahudhurio. Kando ya jina lake, kwa mwandiko wetu wenyewe, palikuwa pameandikwa: "mkoma". Tukalikata neno lile kwa wino mara mbili, tukaliita jina lake la ubatizo.

"Niko, Mwalimu," akaitika.