Chakula Chenye Ganda

Huku Umoja ukisema huli chapati, watu hudhani umeanza maringo. "Kwani chapo ilikukosea nini?" Ni swali la haki. Chapo ndiyo Krismasi, ndiyo mgeni amefika, ndiyo mshahara umeingia. Ugonjwa wangu unaitwa seliaki, na mara nyingi kazi yake kubwa ni kunifanya nikatae heshima za watu.

Ngano, shayiri na rai zina protini iitwayo gluteni. Mwenye seliaki akiila, kinga yake ya mwili inageuka na kushambulia utumbo mdogo, pale mwili unapofyonza chakula. Ndiyo maana mtu anaweza kula vizuri na bado akakonda, akaishiwa damu, mifupa ikadhoofika. Tembe ya kuuponya haipo. Dawa ni kuacha gluteni maisha yote, hata chembe, hata siku ya harusi.

Nyumbani nimeshazoea. Najua ni mama yupi wa kibanda ana karai la chipsi peke yake. Najua pia kwa nini sinunui unga wa uji uliosagwa kwa poshomili: wimbi langu litapita palepale ngano ya jirani ilipopita. Mtihani ni kuvuka mpaka.

Ushauri mwingi wa wasafiri umeandikiwa mtu anayeenda Ulaya. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu Desemba 2014, hoteli inalazimika kukwambia kama chakula chake kina nafaka zenye gluteni, na pakiti iliyoandikwa "bila gluteni" haifai kuzidi miligramu 20 kwa kilo. Sheria nzuri sana. Lakini safari yangu mimi ni basi la usiku la Kampala, kupitia Busia, na njiani hakuna lebo. Kuna mandazi, smoki na samosa zinazoletwa dirishani.

Ajabu ni kwamba, ukiangalia chakula chenyewe, Uganda inanifaa kuliko kwetu. Matoke, posho (ndiyo ugali wetu), viazi vitamu, mihogo, mchuzi wa karanga: hakuna hata kimoja chenye gluteni kwa asili yake. Hata neno halinisumbui, maana Waganda ngano wanaiita eŋŋaano. Tatizo liko kwa kikaango. Asubuhi moja Kampala, kando ya barabara, niliagiza mayai bila chapati. Nikauliza kama yana ngano. Kijana akasema hayana, na hakudanganya. Lakini macho yangu yalikuwa kwa chuma chake. Alikuwa ametoa chapati ya rolex sasa hivi, unga bado umetapakaa, na mayai yangu yalikuwa yanaelekea hapo hapo. Nikamwomba ya kuchemsha.

Siku hizi sitosheki na kuuliza chakula kina nini. Nauliza: hapa palipikwa nini mwanzo? Swali hilo nalibeba kila mahali. Zanzibar, mkate wa kumimina ni wa mchele, lakini urojo hufanywa mzito kwa unga wa ngano. Na si kila injera ni tefu tupu. Ziko zinazochanganywa na ngano au shayiri.

Njiani basi, nala chenye ganda lake: ndizi mbivu, yai la kuchemsha, parachichi, chungwa, njugu za maganda. Kisu natoka nacho nyumbani. Ganda ndilo lebo yangu.

Lakini ganda halisaidii ukifika kwa watu. Mwenyeji wangu Kampala ni rafiki wa mama. Waliishi naye Makongeni enzi za Reli ya Afrika Mashariki, kabla Jumuiya haijavunjika mwaka wa 1977. Kiswahili chake ni cha Makongeni mpaka leo. Mgeni wa Nairobi akija, yeye anakanda chapati. Kwa hivyo nilimpigia siku mbili mapema. Kukataa sahani iliyokwisha kupakuliwa ni tusi, ila kuomba kabla moto haujawashwa ni mazungumzo tu.

"Mama, ngano inaniumiza sana. Hata mwiko ulioigusa."

Akanyamaza kidogo. "Hata mwiko?"

"Hata mwiko, mama."

Nilipofika, matoke yalikuwa yamefungwa kwa majani ya mgomba, na kando yake luwombo, kuku wa karanga ndani ya jani lake, vyote vinaiva kwa mvuke. Akaniita jikoni, mahali ambapo mgeni haitwi, akafunua.

"Ona mwanangu. Hakijagusa sufuria."

Nilikula, nikaongezwa, nikala tena. Sikuuliza swali hata moja.