Mchango Wake Tunaupokea

Mjadala wa ushoga nchini Kenya huendeshwa kana kwamba wahusika wake wote wanaishi kwingine: Ulaya, au katika ofisi za mashirika ya Nairobi, au katika hotuba za wanasiasa wanaotafuta jambo lisilogharimu pesa la kuwaunganisha Wakristo na Waislamu. Mbunge wa Homa Bay Mjini, Peter Kaluma, alipoleta Mswada wa Kulinda Familia mwaka wa 2023, tulibishana sana kuhusu utamaduni, Magharibi na misaada ya kigeni. Swali ambalo sikulisikia likiulizwa ni hili: familia yenyewe ifanye nini na yule aliyezaliwa ndani yake? Nalizungumzia leo kwa sababu limo nyumbani kwetu, na kwa sababu mhusika, mtoto wa dada yangu, ameyasoma makala haya kabla yenu na kuniruhusu niyachapishe, mradi nisitaje jina lake wala mji anakoishi.

Sisi ni Wataita, na Uanglikana umo katika ukoo wetu tangu enzi za bibi yetu. Dada yangu, kifungua mimba wa mama yetu, ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi na kwa miaka mingi amewaongoza akina mama kanisani. Mpwa wangu ni mwanawe wa pekee wa kiume, mhasibu, mwenye umri wa miaka 31. Miaka minne iliyopita alimwambia mamake kwa utulivu kwamba hataoa, na akamweleza sababu. Dada yangu hakupiga kelele. Alifunga siku tatu, akaenda kumwona kasisi, kisha akanipigia simu. Mimi ndimi mjomba, na kwetu mjomba huitwa jambo linapowashinda wazazi.

“Ndugu yangu,” aliniuliza, “nimpende vipi bila kumdanganya Mungu?”

Wasomi wenzangu wengi hulipuuza swali kama hilo. Huliona kuwa dalili ya ujinga utakaoondoka watu wakisoma zaidi. Mimi silioni hivyo. Mwanamke huyu anaamini kwa dhati kwamba kuna maisha baada ya haya, na hofu yake ni kutengana na mwanawe huko, milele. Huwezi kumtuliza mtu wa namna hiyo kwa kumpa kijitabu cha haki za binadamu. Tena hofu yake si ya mbinguni tu. Anajua kuwa kifungu cha 162 cha Sheria ya Adhabu, tulichorithi kutoka kwa Mwingereza na tunachokitetea siku hizi kama mila ya mababu, kinaweza kumpeleka mwanawe jela miaka 14. Mahakama Kuu ilikataa kukifuta tarehe 24 Mei 2019. Naye amesikia habari za Uganda, ambako sheria ya mwaka 2023 ilimlazimisha kila raia kuwaripoti washukiwa, hadi Mahakama ya Katiba ilipokibatilisha kipengele hicho mwezi Aprili 2024 huku ikiacha sehemu kubwa ya sheria yenyewe. Aliniuliza kama agizo la kuripoti lingewahusu hata akina mama. Nilimjibu kwamba akina mama nao ni raia.

Siku tatu kabla ya uamuzi huo wa Mahakama Kuu, mwandishi wetu Binyavanga Wainaina alifariki. Mwaka wa 2014 alikuwa amechapisha insha ambamo anamweleza mamake kwamba yeye ni shoga. Lakini mama huyo alikuwa amefariki mwaka wa 2000. Nimeifikiria sana insha hiyo katika miaka hii minne. Mpwa wangu alizungumza na mama aliye hai, anayeweza kujibu, kulia, kukasirika na kupiga simu tena kesho yake. Ni ujasiri wa aina nyingine, na sijui kama familia yetu imeutambua.

Hakuna mtu kwetu aliyewahi kusema kwamba kijana ametengwa. Familia za Kiafrika hazitengi kwa tamko. Hutenga kwa mipangilio. Binamu yake alipofunga ndoa, alikuwa ameorodheshwa miongoni mwa wasindikizaji wa bwana harusi. Wiki mbili kabla ya sherehe akaambiwa kwamba suti zilizoshonwa hazikutosha. Krismasi iliyofuata akaarifiwa kwamba nyumba ya nyanyake imejaa, ilhali nilipofika nilikuta chumba kizima kimewekwa magunia ya mahindi. Mwenzake, wanayeishi pamoja, hajawahi kuulizwa hali yake na mtu yeyote. Ni kama hajazaliwa. Lakini kutoka kikundi cha familia cha WhatsApp hakuondolewa, kwa maana huko ndiko michango huombwa. Mama yetu alipofanyiwa upasuaji wa nyonga, mchango mkubwa kuliko yote ulitoka kwake. Kaka yangu, mzee wa kanisa na mweka hazina wetu, alitangaza kiasi hicho mbele ya wote na kumtakia baraka tele za Bwana. Miezi miwili baadaye ndipo nyumba ilipojaa.

Hapa ndipo ninapotofautiana na kaka. Yeye husema anailinda imani. Mimi si mwanatheolojia. Shahada yangu ya uzamifu ni ya historia, na historia ninayoijua vyema kuliko zote ni ya boma letu. Babu yetu alikuwa na wake wawili. Mkutano wa Lambeth wa mwaka 1888, unaowakusanya maaskofu wa Kianglikana kutoka pande zote za dunia, uliamua kwamba mwanamume mwenye mitala asibatizwe. Bibi yetu alibatizwa, babu hakubatizwa. Kila Jumapili alikwenda kanisani, akaketi benchi la nyuma, na wenzake walipoikaribia Meza ya Bwana yeye alibaki pale pale, kofia mapajani. Alifariki mwaka wa 1986. Mwaka wa 1988 maaskofu wakakutana tena na kukubali kwamba mtu kama yeye aweze kubatizwa pamoja na wake na watoto wake wanaoamini, bora tu asiongeze mke mwingine. Miaka 100 kamili, na babu akaikosa kwa miaka miwili.

Kwa miaka hiyo yote aliyokataliwa kanisani, je, nyumbani alikuwa nani? Ndiye aliyeketi mahali pa heshima. Ndiye aliyechagua mbuzi wa Krismasi, na akina mama wa kanisa waliila nyama hiyo bila dhamiri kuwasuta. Dada yangu anakumbuka kumbebea kigoda. Yaani tulijua, muda mrefu kabla ya kusoma, namna ya kuishi na mtu ambaye kanisa halijampokea.

Nilipomkumbusha kaka hayo, alinijibu jibu ambalo si la kupuuzwa. Alisema Ibrahimu, Yakobo na Daudi walikuwa na wake wengi, na Biblia inawasimulia bila kuwafukuza. Bali jambo hili limekatazwa waziwazi. Sikubishana naye. Mambo haya mawili hayalingani katika mafundisho, wala sikudai kuwa yanalingana. Mimi nilikuwa nazungumzia chumba chenye magunia. Kaka hupenda pia kunukuu azimio la Lambeth la mwaka 1998, lililosema kwamba matendo hayo hayapatani na Maandiko. Ni kweli lilisema hivyo. Azimio hilo hilo liliwataka maaskofu wawasikilize watu hao, na kuwahakikishia kwamba wanapendwa na Mungu. Kwa miaka minne, mbali na mamake, hakuna mtu wa ukoo wetu aliyemuuliza mpwa wangu swali hata moja.

Laiti wangemuuliza, wangegundua kwamba anaimba besi katika kwaya ya kanisa la mtaani kwake. Wangegundua pia kwamba haombi ndoa wala baraka ya kasisi. “Mjomba,” aliniambia, “sitaki waniambie kwamba niko sawa. Nataka waniambie tu basi la kwenda nyumbani tunapanda lini.”

Dada yangu hajapata jibu la swali lake. Bado humwomba Mungu ambadilishe mwanawe, na kijana anajua kwamba anaombewa hivyo. Hata hivyo, kila Jumapili jioni humpigia simu, huzungumza kuhusu mvua na bei ya mbolea, kisha huomba naye, na kijana husema amina. Akina mama wa chama wanapomuuliza mwanawe ataoa lini, hutumia maneno mawili tu: “Muulizeni mwenyewe.” Anatarajia siku moja atatakiwa kuuacha uongozi. Bado hajatakiwa.

Disemba tutakutana kulijengea kaburi la baba. Kaka ametuma orodha ya michango, na jina la mpwa wangu ni la tatu kutoka juu. Orodha ya malazi haijatoka. Nimemwandikia kaka kwamba mchango wangu nitautuma pamoja na wa kijana, siku jina lake litakapoonekana katika orodha zote mbili, na kwamba ikiwa nyumba imejaa, chumba changu kina vitanda viwili. Ujumbe ameusoma. Hajajibu.