Dipositi Ikishaliwa, Notisi ya Nini?

Kuna lawama ambayo Wakenya tunaoishi Uingereza huipenda sana tukishazoea maisha ya huku, nayo inazidi kuniudhi: eti mpangaji wa Kibera au Kawangware hajui kuhama kistaarabu. Anapakia godoro na meko kwenye mkokoteni usiku, anamwachia keateka kufuli na deni la maji, kesho yake yuko Kangemi kama kwamba hakuna kilichotokea. Huku, tunajisifu, watu huandika barua. Ni kweli huandika, na barua yenyewe ina masharti ya kukera. Kwa miaka mingi mpangaji wa mwezi kwa mwezi katika Uingereza yenyewe (Uskoti wana sheria zao, siku 28) alitakiwa kutoa notisi ya mwezi mzima, kwa maandishi, tena iishie pale kipindi cha kodi kinapoishia. Kodi yako ikianza tarehe 5 na barua ikafika tarehe 6, umechelewa. Utalipa mwezi mwingine wa nyumba usiyoihitaji. Sheria mpya ya wapangaji ya 2025 imerefusha muda huo: kuanzia tarehe 1 Mei 2026, mpangaji wa nyumba ya mtu binafsi anatoa miezi miwili, na bado tarehe ya kuisha lazima ilingane na kipindi cha kodi. Watu wanahesabu siku kwenye kalenda, wanatuma barua pepe, kisha wanapiga picha ya barua pepe yenyewe. Ukiwaona utadhani ni uchaji Mungu.

Sasa, wanaosema kwamba tofauti ni sheria hawajaisoma sheria yetu. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Ardhi ya 2012 kinasema karibu neno kwa neno kile Mwingereza alichozoea: upangaji wa kipindi unavunjwa kwa notisi isiyopungua kipindi chenyewe, na notisi hiyo iishe siku ambayo kodi hulipwa. Upangaji wa mdomo haujasahauliwa. Mwenye ardhi akimruhusu mtu akae peke yake mahali kwa kodi bila mkataba wa maandishi, sheria inauhesabu kuwa upangaji wa kipindi. Kwa hiyo shosho wa Kawangware mwenye ploti ya vyumba kumi, anayepokea kodi kwa M-Pesa kabla ya tarehe 5 na ambaye hajawahi kumtilia mtu sahihi, anabanwa na kanuni ileile aliyoizoea mpangaji wa Leeds. Mwezi mmoja, pande zote mbili, na tarehe ilingane. Lakini tukitoka kwenye vitabu na kuingia kwenye korido za ploti hiyo, kanuni hiyo haionekani. Swali ni kwa nini.

Jibu langu ni dipositi. Mwingereza haandiki barua kwa sababu ya malezi. Anaandika kwa sababu pesa zake ziko mahali anapoweza kuzifikia. Tangu Aprili 2007 mwenye nyumba huku hawezi kuitia dipositi mfukoni akanyamaza. Ana siku 30 kuiweka chini ya mojawapo ya mipango mitatu iliyoidhinishwa na serikali, na akipuuza, mahakama inaweza kumtoza hadi mara tatu ya pesa hizo. Sheria ya 2019 ikaweka kikomo: wiki 5 za kodi kwa nyumba nyingi. Na mkikosana kuhusu zulia lililoungua au notisi iliyopungua siku tatu, kuna mwamuzi wa kuwasikiliza bila malipo. Mpangaji anayehesabu siku zake kwa uangalifu analinda kitu ambacho bado ni chake. Mwondolee kitu hicho, na sidhani barua hizo zingeendelea kuandikwa kwa bidii hiyo.

Kawangware, dipositi inapolipwa huwa imeshakwenda. Imenunua mabati ya chumba cha mwisho, imelipa karo, imezika mtu. Siku ya kuhama, landilodi hana pesa za kurudisha hadi apate mpangaji mpya atakayeleta dipositi yake, na hapo ndipo inapogunduliwa ghafla kwamba ukuta unahitaji rangi na kitasa kimelegea. Mpangaji analijua hilo tangu siku ya kwanza. Akitoa notisi ya mwezi kama sheria inavyotaka, anajitangaza kuwa mtu anayeondoka: anaanza kuulizwa deni la stima, keateka anaanza kuchungulia vyombo vinavyotoka, na akichelewesha kodi kwa siku mbili anakuta kufuli la pili mlangoni. Kwa hiyo anafanya hesabu yake. Ama anaikalia dipositi, yaani halipi mwezi wa mwisho na kusema tumemalizana, ama anahama usiku. Mimi sioni ushenzi hapo. Naona mtu anayejirudishia pesa zake kwa njia pekee iliyo wazi. Wapo wanaohama usiku wakiwa na deni la miezi mitatu, nao ni wezi, siwatetei. Lakini hao hata Leeds wapo.

Nitajibiwa kwamba wenye nyumba wa mitaa hii si mabwanyenye, na ni kweli. Mjane mwenye vyumba sita hawezi kufungia pesa benki huku watoto wanalala njaa, na akihamwa ghafla mwezi wake umeharibika. Hoja hii ina uzito kuliko zote ninazozisikia. Lakini angalia chumba kinachoachwa wazi Gatwekera ya Kibera au Gatina ya Kawangware kinakaa siku ngapi. Chumba cha bei ya kawaida, karibu na njia na maji, mara nyingi hupata mtu kabla ya mwisho wa wiki. Landilodi anayezuia dipositi nzima kwa sababu ya “kutotoa notisi”, kisha akampangisha mwingine Jumamosi, amelipwa mwezi uleule mara mbili. Kama kinachomuuma ni hasara, akate siku ambazo chumba kilikaa tupu, arudishe zilizobaki. Upande wa pili hasara haizibwi kwa siku tano. Mama anayeambiwa Jumapili kwamba kufikia Alhamisi awe ametoka ana watoto kwenye shule ya jirani, ana genge la mboga linalojulikana kwa wateja wa pale, na ana madeni na mikopo ya chama vinavyotegemea anaishi wapi. Mwezi mmoja kwake si adabu tu.

Kibera mambo yamefungana zaidi, kwa sababu kifungu cha 57 kinamtaja mwenye ardhi, na sehemu kubwa ya Kibera ardhi ni ya serikali. Ukitoa zile ekari 288 ambazo Wanubi walipewa hati yake mwaka 2017, anayeitwa landilodi ni mwenye kibanda tu. Yeye mwenyewe anaweza kuambiwa aondoke. Ndiyo maana ugomvi wa kodi huko huishia kwa chifu au mzee wa kijiji, au hauishi. Mwishoni mwa 2001, Rais Moi na Raila Odinga, aliyekuwa mbunge wa Lang'ata, walipotamka kwamba kodi za Kibera zipunguzwe, wapangaji na wenye vibanda waligeukiana mpaka watu wakauawa. Julai 2018 matingatinga yaliingia kufungua njia ya barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata, na watu wapatao 30,000 wakabaki bila makao, wakati sheria yetu, tangu marekebisho ya 2016, inamtaka anayewaondoa watu kwenye ardhi ya umma atangaze miezi mitatu kabla. Ndiyo, umesoma vizuri: aliyevamia ardhi ya umma anastahili miezi mitatu, na anayelipa kodi kila mwezi anastahili mmoja. Kwenye karatasi, bila shaka.

Baraza la kuamua kodi tunalo. Sheria ya kudhibiti kodi, ya tangu 1959, inamlinda mpangaji asitolewe bila idhini ya baraza hilo, na inakataza kumsumbua ili ahame mwenyewe. Lakini inahusu nyumba za makao ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kiwango ambacho bedsita ya mawe Kawangware ilikipita zamani sana. Aliye juu ya hapo aende mahakamani, apoteze siku za kibarua akidai dipositi ambayo nauli na ada vitaila. Kipandishwe kiwango hicho kwanza, ndipo tuanze kuwafundisha watu kuandika barua.

Na hapa niwageukie wasomaji wangu, kwa sababu wengi wenu si wapangaji tu. Mnadai dipositi zenu Reading na Birmingham mpaka senti ya mwisho, mnamtishia mwenye nyumba kwa mwamuzi, na mwezi huohuo ajenti wenu wa Kawangware anakula dipositi za watu kumi na wawili kwenye ploti mliyoijenga kwa pesa za huku. Fungua akaunti ya pili, hata ya simu, uweke dipositi humo na usiiguse. Mwandikie mpangaji ujumbe mfupi wenye tarehe ya kodi, muda wa notisi, na siku ambayo pesa zake zitarudi baada ya kukabidhi ufunguo. Ukishafanya hivyo kwa mwaka mzima na bado wakahama usiku, njoo unilaumu.